Bingwa Yuko Kazini

Kila alfajiri Evaristi wa Igurwa alifunga mikungu ya ndizi kwenye keria ya baiskeli ya babu yake, akaisukuma milimani hadi soko la Kayanga. Babu huyo, Mzee Karekezi, alikuwa amemlea kwa kanuni zisizopinda. Shikamoo hutangulia kila neno. Jembe halilali na udongo. Na mwanamume halali mchana.

Mwaka 1986 yalitangazwa mashindano ya baiskeli ya siku tatu, kila siku milima. Muda wa siku zote ungejumlishwa, na aliyetumia muda mfupi kuliko wote angepewa baiskeli mpya. Ile ya babu ilikuwa imeungwa fremu mara mbili. Isingestahimili msimu mwingine, na bila baiskeli Evaristi hakuwa na kazi.

Siku ya kwanza iliishia Igurwa, saa saba mchana. Evaristi alifika wa kwanza, akamwacha Protase wa Kayanga kwa dakika nne. Kijiji kikamiminika nyumbani kwao. Kila mgeni alimtilia kiganjani punje za kahawa ya kutafuna. Kahawa ya mgeni haikataliwi. Kuikataa ni kumtukana. Akatafuna. Kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kilipozunguka, akanywa. Aliketi na shati lake bichi kwa jasho, akisimulia kila kona ya njia. Chakula alikigusa jioni, wageni walipokwisha kula. Kitandani, macho yalikataa kufumba.

Siku ya pili waendeshaji walizunguka vilima na kurejea Igurwa. Katika mlima wa kwanza tu, miguu ya Evaristi ilikuwa mizito kama magogo. Protase alimpita akitabasamu.

"Kaka, nikufunge kamba nikuvute?"

Evaristi alifika wa saba. Sasa, kwa jumla ya siku mbili, alikuwa nyuma ya Protase kwa dakika tano.

"Umelegea," alisema babu. "Kesho ujikaze."

Jirani yao Anonciata, muuguzi wa zahanati, aliingia uani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa heshima yako, Mzee, huyu hakulegea. Ameishiwa. Jana alipofika mlimpa nini?"

"Heshima," alijibu Mzee Karekezi.

"Alihitaji ndizi."

Bibi Mukamusoni, mke wa mzee, alicheka huko jikoni.

"Misuli ni ghala," Anonciata aliendelea. "Mlima humaliza akiba yote iliyomo. Mtu akishuka tu kwenye baiskeli, ghala lijazwe mara moja, si jioni. Jasho limetoka na maji na chumvi, virudishwe. Rubisi huzidi kuyatoa maji mwilini, na kahawa hufukuza usingizi. Misuli iliyochoka hutengenezwa upya mtu akiwa amelala. Waendeshaji wakubwa wa Ulaya hupanda milima kwa wiki tatu. Anayeshinda si yule anayepanda upesi tu. Ni yule anayepona upesi kabla ya kesho."

"Na kulala mchana?"

"Ni nusu ya mashindano, Mzee."

Mzee Karekezi aliitazama miguu ya mjukuu wake.

"Mukamusoni," aliita, "lete ndizi."

Evaristi alikunywa maji yenye sukari na chumvi kidogo. Akavua shati bichi, akavaa kavu. Akala matoke na maharage, akashushia maziwa. Kisha akajilaza, miguu juu ya gunia.

Haukupita muda, wageni wakafika. Aliyetangulia alikuwa jirani yao Sibomana.

"Mzee, bingwa yuko wapi?"

Mzee Karekezi alisimama kizingitini na fimbo yake. "Yuko kazini."

"Kazi gani?"

"Amelala."

"Tangu lini kulala kukawa kazi katika nyumba hii?"

"Tangu saa nane."

Watu wakacheka. "Na kahawa yetu je? Mnaikataa?"

Mzee alikunjua kiganja. "Ya mjukuu wangu naipokea mimi."

Akatafuna ya Sibomana, kisha ya kila mgeni, hata wa mwisho. Usiku huo Evaristi alilala fofofo. Aliyekesha ni babu.

Siku ya tatu walielekea Kayanga. Protase alitangulia hadi mlima wa mwisho. Hapo Evaristi alikanyaga, na miguu ikaitika. Akamfikia.

"Kaka, ile kamba bado unayo?"

Akampita. Alimtangulia kwa dakika sita, na muda wote ulipojumlishwa, akashinda kwa dakika moja.

Mzee Karekezi, aliyekuja kwa lori la kahawa, alisimama wima kwenye umati, macho mekundu.

"Babu, tumeshinda."

"Umeshinda wewe," alisema mzee, akiishika baiskeli mpya. "Mimi nimetafuna tu."

Tangu msimu ule, wabeba ndizi wa Igurwa hunywa maji na kula mara wafikapo, kisha hupumzika kabla ya safari nyingine. Na mgeni akipiga hodi kwa Mzee Karekezi alasiri, akamwulizia Evaristi, hujibiwa kwamba yuko kazini. Hakuna tena anayeuliza ni kazi gani.