Miguu Miwili ya Kushoto

Mimi, Pasikali Niyitegeka, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Kumtafutia Felisiani Fundi wa Soli, nawatangazia wananchi wote wa Kasulu, Kibondo na vijiji vyake kwamba kazi tuliyokabidhiwa imekamilika kwa mafanikio makubwa. Kamati ilikuwa na mjumbe mmoja, ambaye ni mimi. Tena sikuchaguliwa. Nilikutwa nikitia chumvi kwenye birika la chai ya walimu, na uenyekiti ukawa adhabu yangu.

Asubuhi zote bwenini zilifanana: kengele, kufagia, mchakamchaka, uji. Katika mchakamchaka sote tuliimba, na Felisiani, mwanafunzi mwenzangu, aliimba pia, ila sauti yake ilitufikia kutoka nyuma, baadaye kidogo, kama mwangwi. Miguu ilimuuma. Akitoka kuoga, nyayo zake kwenye saruji hazikuwa na pengo katikati. Zilikuwa kama chapa ya tofali.

Mwaka huo, 1973, Felisiani alichaguliwa kubeba bendera ya shule kwenye gwaride la Saba Saba. Alikuwa mrefu, na hakucheka ovyo. Lakini daktari alimpima akasema, "Nyayo zake ni bapa. Atafutiwe fundi amtengenezee soli za kuweka ndani ya viatu, za kipimo chake mwenyewe. Asipozipata, bendera abebe mwingine." Zilibaki wiki tatu.

"Pasikali," alisema Mwalimu Immakulata, mwalimu wetu wa darasa, "una maneno mengi. Yatumie kuuliza fundi mzuri yuko wapi."

Jumamosi, siku yetu pekee ya nyama, nilimsimamisha Felisiani juu ya karatasi nikachora nyayo zake. Chini niliweka karatasi ya kaboni ili nipate nakala mbili. Nakala ya kwanza nilimpelekea Fundi Tharsisi wa sokoni Kasulu, mwenye kibao kilichoandikwa DAKTARI WA VIATU, BINGWA WA MIGUU YOTE. Ya pili niliituma kwa basi hadi Kibondo, kwa Mzee Hilali, kwa sababu ya Mama Tunu, mpishi wetu, aliyevaa soli za mzee huyo.

"Mimi nilikuwa nachechemea, sasa unaniona," alisema Mama Tunu. "Muulize aliyevaa, mwanangu, usimuulize anayeuza."

Tharsisi alimaliza kwa siku moja. "Hata tembo namtengenezea!" alijigamba, bila kuuliza mguu ni wa nani. Felisiani akavaa. Mguu wa kushoto ulitulia. Wa kulia ulitoka lengelenge kubwa kama harage. Tukarudi sokoni.

"Soli haina kosa," alisema Tharsisi. "Mguu wako ndio mkaidi. Utazoea."

Felisiani alirudi bwenini ameshika viatu mkononi. "Bendera apewe Reverien wa darasa letu," alisema polepole. Nilivichukua nikaviweka chini ya kitanda chake.

Kesho yake ikaja barua kutoka Kibondo. Mwalimu Immakulata aliisoma kwa sauti: "Kwa Mwenyekiti wa Kamati. Nyayo zote mbili ulizoleta ni za mguu wa kushoto. Ama mgonjwa wako ni muujiza, ama wewe hukuwa makini. Sikati ngozi mpaka nimwone mwenyewe. Aje na viatu vyake vya zamani. Hilali."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. Ulimi wangu haujawahi kuniangusha.

"Lilikuwa jaribio, mwalimu! Nilitaka kujua ni fundi yupi anayetazama kazi yake."

Mwalimu aliikunja barua, kisha akapiga makofi. "Loo! Mtoto huyu ana akili!"

Mimi na Felisiani tulipanda lori la maharage hadi Kibondo. Tulipomwamkia Mzee Hilali, aliitikia, "Marahaba, wanangu. Leteni viatu kwanza." Akavigeuza. "Kisigino kimeliwa upande wa ndani. Haya, tembea. Rudi. Kanyaga hapa kwenye majivu. Unaumia hapa?"

"Ego, mzee," Felisiani aliitikia ndiyo kwa Kiha.

"Na hapa?"

"Aa!" alipiga kelele Felisiani.

"Sasa tunaelewana."

"Mzee," niliuliza, "mbona karatasi yangu hukuitumia?"

"Karatasi haisemi 'aa'," alinijibu.

Aliloweka ngozi, akaipanga tabaka juu ya tabaka, akaifinyanga kwenye mguu wenyewe. Soli ya kulia aliiinua zaidi kuliko ya kushoto. "Leo vaa saa moja, kesho saa mbili," alimwagiza Felisiani. "Ikikubana, urudi. Kurekebisha ni nusu ya kazi yangu." Kweli ilimbana kidogo pembeni. Akarudi, mzee akaikwangua bila kununa.

Siku ya Saba Saba Felisiani alibeba bendera kutoka shuleni hadi uwanjani, akaibeba tena hadi shuleni, vumbi jekundu likiwa limemfika magotini. Jioni hiyo tulikimbia mchakamchaka wa kusherehekea, na hatukumsikia nyuma. Alikuwa mbele, akituanzishia nyimbo.

Wakati wa chakula, Mwalimu Immakulata alisimama mbele ya shule nzima. "Wanangu, fundi mzuri hajulikani kwa kibao wala kwa haraka. Humtazama mtu, humuuliza, na hukubali kurekebisha. Pasikali aliligundua hilo kwa jaribio lake. Apewe kipande cha kwanza cha nyama!"

Makofi yalirindima. Nilipokea kipande changu nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

"Kumbe lilikuwa jaribio?" Felisiani aliuliza, kwa moyo mweupe kabisa. "Mimi nilidhani ni ile kengele ya nyama."

"Kengele gani?" aliuliza mwalimu.

"Siku ya kuchora. Alipomaliza mguu wa kushoto, kengele ikalia. Akauchora uleule mara ya pili bila kuningoja nibadilishe mguu, akasema, 'Mguu ni mguu,' akakimbia."

Mwalimu Immakulata alivua miwani. "Basi somo lina sehemu ya pili," alisema. "Hata fundi bora hawezi kumsaidia mtu akipelekewa kipimo cha uongo. Mwenyekiti, Kamati ina la kusema?"

Kamati ilikutana kwa dharura, ikakosa wa kumsingizia.

"Ni kweli, mwalimu," nilisema. "Hapakuwa na jaribio. Palikuwa na nyama. Felisiani, lile lengelenge lilikutoka kwa kosa langu. Nisamehe, ndugu yangu."

Felisiani alinitazama, akakitazama kile kipande cha nyama, akanyoosha mkono.

Nikampa chote.