Kilio Katika Stoo ya Mitumbwi

Kila asubuhi, kabla ya kuandika kwenye ubao wa shughuli kwamba wageni wanaweza kuogelea, Prudence alishuka ufukweni mwa ziwa kuomba ruhusa kwa viboko. Akiona mgongo mweusi karibu, aliandika "Kuogelea: saa nne." Asipouona, aliandika "saa moja." Viboko hawakuwahi kumdanganya, tofauti na wanaume wa Bujumbura.

Jumamosi hiyo, saa kumi na mbili na dakika arobaini, hakukuwa na kiboko. Kulikuwa na patron wake.

Hyacinthe, mwenye nyumba ya wageni, alikuwa amelala kifudifudi, miguu majini, uso mchangani. Prudence alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alimaliza sekondari kwa alama nzuri, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko alama zake.

"Patron, muamuke," alisema, "wageni watawaona hivi."

Kisha akaona nyuma ya kichwa, palipopasuka. Alikimbia. Baadaye hakukumbuka kama alipiga kelele, ila mgeni mmoja, madame Elsa, alisema ndege wote waliruka.

Saa moja na nusu polisi walifika na pick-up. Mkubwa wao alikuwa Gaspard, afisa wa upelelezi, ambaye kila mtu alimwita OPJ. Alikuwa mwembamba, mpole, na sauti yake ya chini ilitisha kuliko bunduki ya polisi wa nyuma yake.

"Wanasema ni kiboko," Gaspard alimwambia Prudence. "We unasema nini?"

"Mi, OPJ, ninasema kiboko iko na mudomo kama mulango wa garage. Akiuma mutu, hatuulizane."

Gaspard alichuchumaa. Jeraha lilikuwa moja tu, refu na jembamba. Nyayo za kiboko, zenye vidole vinne, hazikuwepo popote. Ila mistari miwili ilichorwa mchangani kutoka kwenye stoo ya mitumbwi mpaka majini, kama visigino vya mtu anayevutwa kinyumenyume.

"Kiboko tumuachilie," alisema. "Nani iko na ufunguo wa stoo?"

"Watatu. Patron. Maxime, dereva wetu, mwenye kupeleka wageni ku msitu wa Kibira. Na Namegabe wa mitumbwi."

"Maxime iko wapi?"

"Jana mchana alipanda Kibira kupanga safari ya kesho na maguide ya msitu. Alisema atalala Teza, kule kule msituni."

"Na Namegabe?"

Prudence alitazama mitumbwi. Namegabe alikuwa mkimbizi Mkongomani kutoka Uvira, mtu mzima mwenye mikono mikubwa na maneno machache, aliyemfundisha kuogelea bila kumcheka. Asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa amemwona.

Walimkuta saa mbili na dakika kumi, amejificha nyuma ya mitete, umbali wa mita mia mbili. Kasia lake lilikuwa kwenye stoo, na ubapa wake ulikuwa na damu.

"Ulikimbia juu ya nini?" Gaspard aliuliza.

"Nilimuona patron amekufa. Nikaona kasia yangu. Nikajua." Namegabe alitazama pingu. "Afande, mi ni mutu wa kambi. Mutu akikufa karibu yangu, ni mi."

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu nilikuwa inje, ku fensi. Nikasikia mutoto analia ndani ya stoo. Mutoto muchanga. Nikaogopa, nikarudi nyuma. Kisha nikasikia patron anaongea na mutu. Kisha kimya."

Polisi mmoja alicheka. "Mutoto muchanga mu stoo ya mitumbwi! Ni mizimu?"

Lakini madame Elsa, ambaye chumba chake kilikuwa karibu na stoo, alishika kifua. "Na mimi nilimsikia," alisema. "Nilidhani kuna mama amelala huko. Nilitaka kumwambia Prudence amletee maziwa."

Ndani ya stoo hapakuwa na mtoto. Kulikuwa na majaketi ya kuokolea watu, nyavu kuukuu, na kwenye kona biberoni, ile chupa ya kunyonyeshea, ikiwa na maziwa kidogo ambayo bado hayajaganda. Ubao wa ukuta, chini kabisa, ulikuwa umekwaruzwa na kucha ndogo, ndogo sana.

Gaspard aliitia chupa kwenye mfuko. Lakini damu ilikuwa kwenye kasia, na kasia lilikuwa la Namegabe.

"Saa sita ninamupeleka," alisema. "Barabara zikifunguliwa, na makaratasi yakiisha."

Maana ilikuwa Jumamosi. Toka saa mbili mpaka saa nne na nusu, gari la raia halitembei. Watu wote wanashika majembe kwa kazi za jamii, wanachimba mitaro, wanafagia njia. Prudence alikaa jikoni kuhojiwa tena, akisikia kwa mbali majembe yakigonga mawe ya barabara ya Gatumba, kong, kong, kong. Kila mlio ulimfanya aruke.

Saa nne na nusu majembe yalinyamaza. Hapo ndipo alipotamani yaendelee.

Habari ilikuwa imepita mtaroni kutoka mdomo hadi mdomo, na waliomaliza kazi hawakurudi nyumbani. Walikuja kwenye geti. Watu arobaini, labda hamsini, na kila mmoja alikuwa na jembe begani.

"Mutupatie Mukongomani!" mmoja aliita. "Amekula chakula ya Hyacinthe, akamuua!"

Namegabe, amefungwa kwenye nguzo ya baraza, alifumba macho. Polisi walikuwa watatu. Prudence alihesabu polisi, akahesabu majembe, akaacha kuhesabu.

Saa tano na dakika tano geti dogo la nyuma liligongwa, na Prudence nusura apande juu ya friji. Alikuwa Irène tu, mama muuza mboga wa Bugarama, soko lililo kwenye barabara ya kushuka kutoka Kibira, na kikapu cha karoti na poireaux, vile vitunguu vya majani, kichwani.

"Mama Irène! Leo mumewahi. Kila Jumamosi munafika saa saba, supu imeisha kupikwa."

"Binti yangu, kwetu hatukuchimba leo. Walichanja watoto surua, chef wa colline, mukubwa wa kilima chetu, alisogeza kazi ku Jumatano. Nimekaa pale soko toka saa kumi na mbili, nimepanda gari saa mbili, barabara iko wazi kama ukumbi. Nimefungiwa tu hapa ku mwingilio wa mujini, mpaka saa nne na nusu." Akatazama uso wa Prudence. "Kuna nini? Mbona unakuwa kama majivu?"

Prudence alimweleza. Irène aliketi kwenye gunia la mkaa akalia kimya, maana Hyacinthe alikuwa mnunuzi wake wa miaka tisa.

Saa tano na dakika arobaini honi ililia. Umati ulifungua njia, na jeep ya Maxime iliingia. Alishuka kijana mnene kidogo, shati safi, macho mekundu. Aliposikia, alijipiga kichwa kwa mikono miwili, akamkumbatia Prudence mpaka akakosa pumzi.

"Ulikuwa wapi?" Gaspard aliuliza.

"Teza, OPJ. Nimetoka saa moja na robo. Wakanisimamisha Bugarama, kazi za jamii, munazijua. Saa mbili mpaka saa nne na nusu. Nimechimba na watu, mikono inaniuma." Akamgeukia Namegabe, akatema mate. "Na huyu hapa anaua patron wangu! Muniache niende kwa patron, Kigobe, nimwambie mujane mbele asisikie ku redio."

"Vizuri," Gaspard alisema. "Lakini mujane anataka mwanamuke karibu. Prudence, enda naye."

Prudence alikuwa tayari ameshika mlango wa jeep. Mkono ulibaki pale pale.

Bugarama. Saa mbili mpaka saa nne na nusu. Nimechimba na watu.

Mjini walichimba. Mtu aliyekuwa mjini asubuhi hiyo angedhani nchi nzima inachimba, kama kila Jumamosi ya maisha yake. Ni mtu aliyepita Bugarama tu ndiye angejua kwamba huko hakuna aliyeinua jembe. Alitazama chini. Udongo wa Bugarama ni mwekundu. Magurudumu ya jeep yalikuwa na tope jeusi, na kwenye tope zilikuwa zimeganda nyasi za mpunga, mpunga wa Buterere, pale nje kidogo ya mji ambapo gari linaweza kukaa asubuhi nzima bila kuonwa.

"Panda basi, dada," Maxime alisema. "Juu ya nini umesimama?"

"Ni njaa," Prudence alisema. Ulimi wake, asante Mungu, ulikuwa unafanya kazi hata miguu ilipogoma. "Maxime, weye mwenye kuogopa kubeba hata sahani yako, leo umechimba? Walikupatia jembe ao beleshi?"

"Jembe."

"Uongo! Ulichimba wapi, mbele ya mabar?"

"Mbele ya soko, pale wanauzaka mboga. Mutaro murefu. Watu mia mbili. Panda."

"Na hakuna hata mama mumoja aliyekucheka?"

"Prudence." Sauti yake ilishuka. Alikuwa karibu sasa, akinukia sabuni, na mkono wake ulikuwa umeshika kiwiko chake kwa nguvu. "Panda mu gari."

Prudence alipiga kelele kuliko asubuhi. "MAMA IRÈNE! Mukuye! Maxime amechimba mbele ya mboga zenu!"

Irène alitoka jikoni akijifuta macho.

"Mbele ya mboga zangu?" alisema. "Mutoto wangu, mbele ya mboga zangu leo kulikuwa foleni ya wamama na watoto wanalia sindano. Hakuna jembe. Hakuna mutaro. Na weye sikukuona."

Gaspard alifunga daftari lake polepole.

"Labda ni mbele kidogo," Maxime alisema. "Labda Muramvya..."

"Muramvya ni njia ingine," Gaspard alisema. "Mutu anayeshuka Bujumbura hapiti Muramvya. Fungua gari."

"OPJ, ni vyombo vya wageni tu..."

Ndani ya jeep, chini ya blanketi, kitu kililia. Kilikuwa kilio kile kile: chembamba, cha mtoto anayetafuta mama. Hata umati wa getini ulikisikia, na majembe kadhaa yalishuka kutoka mabegani.

Maxime alikimbia. Alifika mchangani, akaona maji, akaona kwamba hajui kuogelea, akasimama. Polisi walimkuta pale amekaa, kama mgeni aliyelipia jua.

Ndani ya sanduku la soda kulikuwa na mtoto wa sokwe, mweusi, masikio makubwa, amelewa dawa ya kikohozi. Alipotolewa alimshika Prudence shingoni, na vidole vyake vilikuwa vya baridi kama vya mtu.

"Wa ngapi huyu?" Gaspard aliuliza.

"Wa tatu," Maxime alisema akitazama mchanga. "Wawindaji wa Kibira wananipatia. Wageni wanapanda kuangalia msitu, hakuna anayefungua gari ya wageni. Mitumbwi ya ng'ambo inawachukua hapa. Jana jioni nilimuingiza mu stoo. Asubuhi patron akamusikia analia. Alikuja na biberoni, OPJ. Alidhani ni mutoto wa mutu. Alipomuona akasema anapigia simu watu wa parki, sasa hivi, mbele yangu. Nikamuomba. Nikapiga magoti. Akageuka kutafuta réseau ya simu. Kasia ilikuwa pale."

"Na kasia ni ya nani, ulijua."

Maxime alizidi kutazama mchanga. Hakumtazama Namegabe hata mara moja.

Saa sita kamili, saa ile ile aliyopangiwa kupelekwa, Namegabe alifunguliwa pingu. Alisugua mikono. Gaspard alimwambia, "Uko huru. Enda nyumbani."

Namegabe hakusogea. Alitazama geti, watu wale arobaini au hamsini, waliokuwa bado wamesimama.

"Mumeniambia mi, afande," alisema. "Muwaambie na wao. Kwa sauti."

Gaspard, ambaye tangu asubuhi hakuwahi kupaza sauti mbele ya Prudence, alienda mpaka kwenye geti, akapanda juu ya jiwe, akasema kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, ili hata wa nyuma asikie: Namegabe hakuua mtu. Aliyeua ni Maxime. Akarudia jina la Namegabe mara ya pili, polepole, kama anaandika.

Hakuna aliyeomba msamaha. Hakuna aliyeondoka pia.

"Nakusindikiza," Prudence alisema. Sokwe alikuwa bado shingoni mwake, hataki kutoka. "Tukipigwa, tutapigwa watatu."

Walitoka. Watu walisogea kidogo, kushoto kidogo, kulia kidogo, njia ikawa ya upana wa mtu mmoja na nusu. Namegabe alitembea mbele, kichwa juu, bila haraka. Prudence alimfuata akitazama mgongo wake tu, na pembeni ya jicho aliona mikono ikibana mipini ya majembe, ikilegea, ikibana tena. Mzee mmoja alivua kofia. Walimpita wa mwisho, wakaendelea hatua ishirini, hatua thelathini, na wote wawili hawakugeuka.