Nilimkana Mama Mbele ya Sufuria la Jibini

Nina miaka ishirini na tisa, nauza vitumbua hapa Mpanda mjini, sina mume. Nyie mnaosoma mkitaka kunicheka, chekeni tu. Mimi mwenyewe najicheka, tena kwa dharau!

Kwetu ni Usevya. Sisi ni Wasukuma wafugaji, tulihamia huko na ng'ombe wetu nikiwa mdogo. Nimekuzwa na maziwa ya mgando ya mama yangu, ambaye kwetu tunamwita mayu. Na kwetu binti hamsalimii mzazi akiwa amesimama. Unapiga magoti, hata iwe njiani kwenye tope.

Nilipofika miaka ishirini na tatu nikachumbiwa na Deo, karani wa ofisi moja hapa mjini. Karani! Ana tai mbili na mdomo mkubwa. Aliwahi kwenda semina Dar wiki moja tu, akarudi anatembea kama kainunua barabara.

Tukapanga sherehe ya kuvishana pete, Jumapili mchana, nyumbani kwa dada yake. Deo akasema wakubwa wake wa kazini watakuja, kwa hiyo wageni waanze na jibini la kuokwa, la moto, kama alilokula hotelini Dar. Maziwa ya mgando hataki hata kuyaona, eti yananuka zizi. Na mayu je? Akasema asubiri harusi, Kiswahili chenyewe hajui...

Nikakubali! Hebu niambieni, mwanamke mwenye akili zake anakubali hilo?

Jibini lilikuja kwa treni kutoka Dar, siku tatu kwenye joto, limefungwa gazeti. Nikalitia kwenye sufuria na vitunguu swaumu, nikafunika, nikapalia mkaa juu ya mfuniko kama mtu anayeoka keki. Likayeyuka, likatoa harufu... Mungu wangu! Deo akanusa, akasema hiyo ndiyo harufu ya watu waliostaarabika.

Wageni wakachovya mkate. Mkubwa wake mmoja akatafuna, akasita, akatema kwenye leso. Akauliza kama haya si maziwa yaliyooza. Na Deo, yule mstaarabu, akanigeuka palepale! Akacheka, akasema nimepika mambo ya porini kwetu, yeye aliagiza sambusa.

Nikiwa bado nimeduwaa na sufuria mkononi, mayu akatokea mlangoni. Habari za pete alizisikia kwa watu, akapanda lori la mpunga kutoka Usevya. Vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia kibuyu cha mgando. Akasimama ananitazama, anasubiri nipige magoti.

Dada yake Deo akauliza huyu ni nani. Deo akanikazia macho. Na mimi, mbele ya wale walamba sahani, nikajibu:

"Ni mama mmoja hivi, anatuuziaga maziwa."

Magoti sikupiga.

Kiswahili cha mayu ni cha kuuzia maziwa tu, lakini hilo alilielewa. Akaweka kibuyu chini taratibu, akaondoka. Na wale waheshimiwa waliotema jibini? Waliyanywa yale maziwa mpaka wakakigonga kibuyu matako litoke tone la mwisho! Deo akajisifu eti yeye ndiye aliyeyaagiza. Mwanaume mzima!

Wiki ileile nikamtupia pete yake, nikadandia lori hadi Usevya. Nikamkuta mayu zizini anakamua. Nikapiga magoti kwenye samadi, nikamwamkia huku nalia. Hakuacha kukamua. Akanijibu kwa upole, kwa Kiswahili, lugha anayotumia kwa wapita njia tu:

"Dada, leo maziwa ya kuuza hakuna."

Wasichana wenzangu, nawasihi! Mwanaume anayemwonea haya mama yako, mwachieni jibini lake aoze nalo! Msisubiri kama mimi... Miaka sita sasa, kila nikienda Usevya napiga magoti. Mayu ananikaribisha, ananipa kigoda, ananipa chakula.

Na bado ananiita dada.