Tambara Lisilo na Mkia

Asubuhi za likizo, Chiriku ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao. Alipiga mswaki, akanywa chai kwa kuipuliza, akavaa ovaroli kuukuu ya baba yake iliyokunjwa mikono na miguu, kisha akaketi mlangoni asije akaachwa. Mafundi wa gereji alikofanya kazi baba yake ndio waliombandika jina hilo la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Siku za shule, baba yake alitoka yeye akiwa bado amelala na kurudi akiwa ameshalala. Ndiyo maana likizo hii aliipenda kuliko pipi zote za dukani. Alikuwa anashinda na baba kutwa nzima! Mama alikubali kwa shingo upande.

"Nenda," alisema. "Lakini siku nitakayosikia umeharibu kitu cha watu, utabaki hapa na mimi. Gari la mtu si mdoli."

Siku moja walikuwa na gari la mkunga, mama wa makamo mwenye kicheko kikubwa, aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, Chiriku akiwemo. Kila alasiri mkunga alipanda mlima kwenda zahanati. Gari lake lilikuwa na turbo, lakini jua likiwaka sana lilifika katikati ya mlima likaishiwa nguvu, likaanza kujikokota.

"Baba, si umesema turbo ndiyo inayolitia gari nguvu? Sasa mbona linachoka?"

"Umewahi kujaza baiskeli upepo? Ukishika pampu kwa chini unasikiaje?"

"Ya moto!"

"Ehe. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Turbo inashindilia hewa iende kwenye injini, na hewa ya moto haiipi injini nguvu ya kutosha. Kwa hiyo inapitishwa kwanza hapa, ipoe." Baba aligonga kidude chenye mapezi membamba kama ya rejeta. "Hii ndiyo intakula. Ya zamani ni ndogo, tena imejaa matope. Leo tunaweka kubwa, mbele kabisa, ipigwe na upepo."

Baba alikuwa na sharti moja asilolilegeza. Mabomba ya hewa yakishafunguliwa, kila mdomo uzibwe kwa tambara, vumbi wala nati isiingie. Na kila tambara lilishonewa utepe mrefu mwekundu, unaoning'inia nje.

"Mkia huo ndio unaonipigia kelele, 'Nitoe! Nitoe!'" Baba alipenda kusema. "Tambara lisilo na mkia halina mdomo."

Kazi ya kuziba alipewa Chiriku, naye aliifanya kwa maringo ya fundi mkuu. Alipofika bomba la mwisho, lile la chini, utepe ulifumuka ukabaki mkononi mwake. Ulikuwa bado mpya, unang'aa. Nywele nazo zilikuwa zikimwingia machoni tangu asubuhi. Akazifunga kwa ule utepe, akajitazama kwenye kioo cha pembeni cha gari, akajipenda. "Nitakumbuka tu," alijiambia, akalisukuma tambara ndani kabisa lisije likadondoka.

Kazi haikuwa rahisi. Intakula mpya ilikuwa pana, ikakataa kukaa mpaka Baba alipokata vyuma vya kuishikilia na kuvitoboa upya. Alipoanza kuunganisha mabomba, jasho lilikuwa linamwingia machoni. Alivuta mkia mmoja, akavuta mwingine. Bomba la chini lilikuwa gizani, halikuwa na mkia, naye akalifunga kwa kupapasa. Wakati huo Chiriku alikuwa anaosha spana huku akisimulia kisa kirefu cha mwalimu wao na mbuzi aliyeingia darasani. Kisa kilipokwisha, bampa lilikuwa limesharudishwa.

Mkunga alifika akiwa na mkoba wake wa kazi.

"Fundi, tayari? Na wewe mwanangu, nani kakupamba hivyo? Huo utepe umekupendeza!"

Chiriku alipeleka mkono kichwani, na moyo ukampasuka paa! Mdomo ule usiojua likizo ukafungika. Labda Baba aliliona, aliwaza. Labda litatoka lenyewe. Lakini alijua vizuri hewa ya bomba lile inakwenda wapi. Alijua pia Mama alisema nini. Akamwona baba yake akiondoka peke yake asubuhi, na yeye amebaki dirishani.

Mkunga alikaa kwenye usukani, akaingiza ufunguo.

"Usiwashe!" Chiriku alipiga kelele mpaka mafundi wa jirani wakageuka. "Usiwashe, Mama Mkunga! Kuna tambara ndani!"

Alieleza yote huku machozi yakimdondoka. Baba alichukua spana, akalala chini kwenye kipande chake cha boksi, akaanza kulifungua bampa alilotoka kulifunga sasa hivi. Mkunga akashuka, akaketi juu ya tairi kuukuu, akasubiri. Hatimaye Baba alitoka chini ya gari na tambara mkononi.

"Lingefyonzwa mpaka kwenye koo la injini," alisema taratibu. "Injini ingekosa pumzi. Gari lingezimika mlimani, na malori nyuma yake."

"Nimeharibu, Baba," Chiriku alilia. "Sasa Mama atanibakiza nyumbani. Sitashinda na wewe tena."

"Kumbe ndicho kinachokuliza?" Baba alimvuta, akamkumbatia na mafuta yake yote. "Tumekosea wawili, mwanangu. Wewe umeliacha tambara bila mkia, na mimi nimefunga bomba bila kumulika ndani. Mkia ni msaada tu. Macho ni yangu."

Mkunga akasogea, akamfuta Chiriku machozi kwa upindo wa khanga yake.

"Nisikilize, mwanangu. Na sisi chumba cha kujifungulia kina vitambaa vyake. Tukimaliza kumshona mzazi, tunahakikisha hakuna kilichosahaulika ndani. Msaidizi akisema, 'Subirini, kimoja sikioni,' hatumgombezi, tunakitafuta wote. Ninayemwogopa ni yule anayenyamaza ili asionekane mkosaji. Kukosea kila mtu hukosea. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kunatengenezeka. Mficha uchi hazai, na hilo mimi nalijua kuliko watu wote hapa!"

Akacheka kicheko chake kikubwa, na Chiriku akajikuta anacheka na kamasi zake.

Baba alimulika kila bomba kwa tochi, kisha akampa Chiriku naye amulike. Ndipo wakafunga. Gari lilipoondoka, baba na mwana walisimama nje ya gereji wakisikiliza. Mngurumo ulipanda mlima, ukafika pale ulipozoea kulegea, ukapita bila kusitasita. Huko juu honi ikalia mara mbili.

"Baba, Mama tutamwambia?"

"Tutamwambia sisi wenyewe, kabla hajasikia kwa watu."

Jioni, Chiriku alisimulia bila kuruka kitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, uso wake hausomeki. Kisha akanyoosha mkono, akaomba lile tambara na ule utepe. Akatoa sindano, akaushona utepe kwa uzi mara mbili, akauvuta kwa nguvu kuupima. Baada ya hapo akakata kipande kingine kwenye bunda la tepe zake, akamgeuza Chiriku, akamfunga nywele.

"Ule ni wa kazi, huu ni wa kichwa," alisema. "Sasa nenda kalale. Ukichelewa kesho, baba yako atakuacha."