Kitabu Nilichokificha Kikapuni

Nina miaka arobaini na mmoja. Ninaishi kijiji cha Lindi, mtaani Kibera, Nairobi, na kazi yangu ni kufulia watu nguo. Mume wangu, Baba Sharon, alikuwa fundi wa mbao.

Moyo ulianza kumsumbua tukiwa bado mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Kliniki ya huko ilimwandikia dawa katika kitabu cha buluu. Tulipohamia Lindi akavimba miguu, tukaambiwa figo zimechoka. Kliniki ya figo ikamfungulia kitabu chekundu.

Jirani alinionya kwamba wakijua unatibiwa kwingine, watakufukuza urudi hukohuko. Niliogopa! Muuguzi alipouliza kama tuna kliniki nyingine, nilisema hapana. Kitabu cha buluu kilikuwa kikapuni mwangu, chini ya leso.

Njiani Baba Sharon alinitania. "Sasa mimi ni mtu wa mabibi wawili, na hakuna anayemjua mwenzake."

Tukacheka. Mungu wangu, tulicheka!

Kila kliniki ilimpa tembe za presha. Pakiti tofauti, rangi tofauti... Ningejuaje? Mimi mwenyewe nilimwekea zote kiganjani kila asubuhi baada ya chai.

Kisha asubuhi moja akashindwa kuinua kikombe. Miguu haikumbeba. Niliweka sikio kifuani pake: moyo ulipiga, ukanyamaza, ukapiga tena... Mimi na jirani tulimpakia kwenye boda boda, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke.

Hospitalini daktari aliomba kuona dawa zake zote. Nikatoa kitabu chekundu pekee. Hata hapo! Je, niliogopa kugombezwa kuliko nilivyoogopa kifo?

Baba Sharon akanishika kidole.

"Mpe na kile kingine, Mama Sharon."

Nikakitoa chini ya leso. Hakuniambia neno lingine tena.

Walihangaika naye mpaka saa nane mchana, akatutoka. Daktari alinieleza kwamba zile tembe zilikuwa za aina moja, na figo zilizochoka hazikuzimudu. Madini fulani yalijaa kwenye damu, moyo ukasimama. Akaniuliza kwa upole kwa nini vitabu vile havikuwahi kukutana.

Nikavirudisha vyote viwili kikapuni.

Ndugu msomaji, kama mgonjwa wako anaugua moyo na figo, usimfiche daktari yeyote. Toa vitabu vyote, toa na pakiti zote, uwaombe waongee wao kwa wao. Ukigombezwa, gombezwa tu. Utarudi nyumbani na mtu wako.

Mimi nilirudi na vitabu viwili.