Aliyeapa Mbele ya Wakili Ernestina

Kiti cha wateja kilikuwa cha moto. Harieth, karani, ndiye aliyegundua, Jumatatu asubuhi, alipokisogeza apige deki. Ofisi ilikuwa imefungwa tangu Ijumaa, dirisha lina nondo, na kiti kina joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

"Dada wakili," alisema kwa sauti ya chini, "hebu shika hapa."

Wakili Ernestina alishika, akauondoa mkono upesi. "Jua hilo."

"Jua gani? Upande huu halifiki mpaka saa kumi."

"Basi paka. Piga deki, Harieth."

Lakini kulikuwa na harufu pia, ya udongo mbichi uliofukuliwa muda huohuo. Na ule ulikuwa mwezi wa nane, Bariadi yote imekauka kama kigae, mtu akichimba shimo la nguzo anatamani kulia. Jumanne harufu ilizidi. Jumatano Harieth alikataa kuingia peke yake, akamngoja bosi wake barabarani, mkoba kifuani.

Ernestina alikuwa Mhaya aliyeletwa Bariadi na kazi, akabaki miaka sita. Watu walimpenda kwa kuwa hakuwa na kona: kesi yako ikiwa mbovu, atakwambia ni mbovu, na ukibisha atakufukuza. Ila alikuwa na tabia moja ambayo wengi wanayo na hakuna anayeiita dhambi. Alikuwa kamishna wa viapo. Mtu akitaka hati yake ya kiapo ikubalike, sharti afike mwenyewe mbele ya kamishna, aape kwa mdomo wake, atie sahihi au kidole, ndipo muhuri ugongwe. Ernestina yeye aligonga tu. Karatasi zinakuja zimeshatiwa sahihi, zimeletwa na shemeji au bodaboda. Anagonga huku anaongea na simu. Na chini ya kila moja imeandikwa: ameapa mbele yangu.

Wiki iliyopita aliyeleta karatasi alikuwa Constantine, mkulima wa Ngulyati. "Shahidi wangu Mayige yuko Mwanhuzi na ng'ombe, mama. Kumleta ni shida." Ernestina akagonga. Hakusoma.

Jumatano hiyo, saa saba mchana, Harieth akiwa ameenda kula, Ernestina aliinua macho kutoka kwenye faili na kuona mtu amekaa kwenye kile kiti, ingawa mlango haukulia, na mlango ule ulikuwa ukilia siku zote; mtu mwenye shati la kijivu na uso ambao ukiutazama unauona na ukipepesa tu macho umeshausahau, na nje jua linawaka na bodaboda wanacheka, na humu ndani feni inazunguka bila kutoa upepo, na ile harufu ya udongo imemjaa puani mpaka mdomoni.

"Una shida gani, baba?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Uliandika nilifika mbele yako," alisema mtu yule. "Nimefika."

"Wewe nani?"

"Mayige."

Aliweka kidole gumba juu ya meza. Hakikuwa na mstari hata mmoja. Laini kama sabuni iliyotumika.

Ernestina alitoka nje kinyumenyume. Alimpigia Constantine. "Mayige ni nani?"

Constantine akacheka. "Mama, si jina tu? Karatasi ilitaka shahidi."

Ndipo aliposoma nakala ya hati ile kwenye simu, barabarani, juani. Mayige aliapa kwamba alimwona marehemu kaka yake Constantine akimuuzia Constantine shamba la Ngulyati. Shamba lenyewe lilikuwa linalimwa na Mhoja, mjane wa huyo marehemu. Kesho, Alhamisi, kwa hati ile, Baraza la Ardhi lingemwondoa.

Harieth aliporudi kula, alikimbia kumleta Mzee Hamimu, muuza vitambaa wa sokoni, ambaye watu wa mji walimjua zaidi kwa kusomea wenye majini. Mzee alikuja na udi wake, akafika mlangoni, akanusa, akauliza kilichotokea. Alipojibiwa, akauzima udi kwa kisigino.

"Mwanangu, anayeingia mwenyewe ninamtoa," alisema polepole. "Huyu ana mwaliko, na una muhuri. Nitamtoa kwa lipi? Aliyemwandika ndiye amfute."

Ernestina aliingia peke yake. Chini ya chupa ya chai kulikuwa na kijitabu cha maadili ya mawakili, kimeachwa alama ya duara. Alikitoa, akasimama, akakisoma palepale mbele ya yule mtu. Wakili akijua ameipotosha mahakama, kilisema, aiambie bila kuchelewa, hata kama ni kwa hasara yake.

"Watakunyang'anya leseni," alisema Mayige, taratibu, kama anamhurumia. "Wenzako wote wanagonga. Nyamaza tu. Nitakuwa shahidi wako kila kesi. Hutashindwa tena."

"Sikiliza wewe," alisema Ernestina, na hasira ilikuwa imeshakula woga. "Kesi zangu nitashindwa kwa mdomo wangu mwenyewe. Kesho tuonane barazani."

Alhamisi Mayige alikuwepo, benchi la nyuma, na watu walikuwa wanasogea mbali naye wakiziba pua bila kujua wanakimbia nini. Mwenyekiti alipofungua faili, Ernestina alisimama.

"Mheshimiwa, sina kesi hapa. Nina kosa. Hati ya Mayige ina muhuri wangu. Siku niliyogonga hakuna mtu aliyefika mbele yangu."

Nyuma, miguu ya yule mtu haikuwepo tena.

"Sikumwona."

Uso ukatoka, kama chaki inavyofutwa.

"Sikumwapisha. Niliandika uongo."

Shati la kijivu lilianguka juu ya benchi, na ndani yake koleo zima la udongo mbichi. Mwanamke mmoja alianza kusali kwa Kisukuma. Constantine alikuwa ameshafika mlangoni.

Mwenyekiti alivua miwani. "Wakili, unajua ulichojifanyia? Nitawaandikia kamati ya maadili."

"Barua yangu imewatangulia, Mheshimiwa. Nimeituma asubuhi."

Hati ikatupwa. Nje, Mhoja alimshika mkono. "Wabeja, mayu."

"Usinishukuru. Mimi ndiye niliyetaka kukutoa shambani."

Mhoja alifikiri. "Basi sikushukuru. Ila choroko nitakuletea."

Ernestina alirudi ofisini akiwa karibu kutabasamu, akamkuta Harieth amesimama ng'ambo ya barabara, mikono kichwani. Watu walikuwa wamepanga foleni kutoka mlangoni mpaka kwa fundi cherehani, wanaume kwa wanawake, kimya, nyuso zao hazishikiki, vidole gumba vyao laini.

"Hawa nani?"

"Wanasema waliapa, dada," Harieth alinong'ona. "Miaka yote sita."

  Ernestina alivuka barabara, akapita katikati yao bila kumpisha hata mmoja, akafungua mlango mpaka mwisho.

"Harieth, toa mafaili yote. Na nyie mkae foleni, hakuna chai hapa." Alivuta kalamu na karatasi nyeupe, akaandika juu yake: Kwa Mahakama. "Haya. Wa kwanza. Niliandika unaitwa nani?"