Aliyeinyima Pikipiki Pumzi

Marehemu alikuwa amelala ubavu wa kushoto kando ya barabara ya Koboko kwenda Arua, na damu yake nyeusi ilikuwa imechora mstari wa hatua arobaini juu ya lami. Inspekta Ayiko alivua kofia kwa heshima. Kisha akakumbuka kuwa marehemu ni pikipiki, akaivaa tena.

Ilikuwa pikipiki ya kituo, yenye umri mkubwa kuliko askari wengi walioipanda. Konstebo Ladu, aliyekuwa akiiendesha, Mungu alimsaidia. Injini ilikwama ghafla, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, naye akarushwa mtaroni. Sasa alikuwa hospitalini Arua, mfupa wa bega umevunjika.

Ayiko alichuchumaa. Akachovya kidole katika ile damu, akakinusa kwa muda mrefu.

"Ni nini, afande?" aliuliza Koplo Kiden, daftari mkononi.

"Oili."

Kiden akaandika: oili.

Sili ya ubavuni, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke nje ya injini, ilikuwa imechomoza kama ulimi wa mbuzi aliyechinjwa. Na Ijumaa tu iliyopita fundi Sule wa Koboko alikuwa ameweka sili mpya mahali pale pale ili kuponya mvujo. Kwa Ayiko kesi iliishia hapo. Fundi amekula sili mpya, akarudisha ya zamani.

Walimkamata saa nne asubuhi, siku ya soko. Ayiko alimtia pingu kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wauza vitenge na vijana wa boda boda, akatangaza kwa sauti ya gwaride:

"Mwizi huyu nusura amuue askari wa serikali!"

Mzee Sule, mtu wa miaka zaidi ya sitini, hakubishana. Alitazama chini. Nyuma yake wateja wawili walizisukuma pikipiki zao kimya kimya, wakaondoka nazo.

Kituoni, mahojiano yalianza.

"Jina?"

"Afande, wewe najua jina yangu. Mimi natengeneza pikipiki yako miaka tisa."

"Jina!"

"Sule Yasiri."

"Sili mpya iko wapi?"

"Iko kwa injini."

"Ile ni kuukuu."

"Hapana. Shika mdomo yake. Iko laini kama sikio ya mtoto."

"Basi kwa nini ilitoka?"

"Kitu nasukuma yeye kutoka ndani. Peleka mimi kwa pikipiki, mimi naonyesha."

"Mshukiwa haamrishi polisi."

Akarudishwa selo. Alilala humo usiku wa kwanza, akalala na wa pili. Siku ya tatu, jalada lilikuwa tayari kwenda mahakamani Arua saa nane mchana, Kiden alipogonga mlango wa mkubwa wake.

"Afande, ile sili nimeiosha kwa petroli. Ni mpya kabisa."

Ayiko alikunja uso. Lakini alikuwa mpelelezi, na mpelelezi hakatai ushahidi uliooshwa. Akaamuru Sule aletwe uani, pikipiki ilipokuwa imeegemezwa ukutani.

Mzee alipiga goti mbele ya pikipiki. Hakugusa sili hata kidogo. Alishika kimpira chembamba kama mrija, kilichotoka juu ya injini na kupita chini ya kiti, akakifuata kwa vidole taratibu.

"Injini iko napumua, kama mutu," alisema. "Hewa nachemka ndani, natoka hapa. Hii iko mzee, basi kila saa natema oili kidogo, tone, tone. Mimi nasema kwa nyinyi Ijumaa: hii tone hapana ugonjwa. Wacha yeye."

Vidole vikasimama mwishoni mwa kimpira. Akabinya.

"Hapa iko ngumu. Mutu naziba. Safari fupi, injini navumilia. Safari ya Arua, hewa nakosa njia. Nasukuma sili, oili yote namwagika, injini nashika."

Aliomba koleo. Akavuta. Kikatoka kijiti kilichochongwa vizuri, kimezungushiwa kipande cha kitambaa. Kilikuwa kimelowa oili, ila ukingoni bado ulionekana mshono wa uzi mwekundu.

Ayiko alikitwaa upesi kuliko sheria inavyotaka.

"Kielelezo," alisema, akakitia mfukoni.

"Nikione, afande?"

"Kitapelekwa maabara Kampala."

Kiden alimtazama. Tangu waanze kufanya kazi pamoja, hakuna hata panga lililowahi kupelekwa maabara Kampala. Masikio ya Inspekta yalikuwa ya moto. Mfuko ulianza kulowa. Alihisi oili ikimgusa paja.

Kwa bahati mbaya, alikuwa amemfundisha Kiden kazi vizuri. Koplo alileta kitabu cha funguo za pikipiki, ambamo kila anayeichukua huandikwa, akakifungua juu ya kiti.

"Ijumaa imetoka kwa fundi. Jumamosi haikutoka. Jumapili..." Akasita, akapunguza sauti. "Jumapili ulikwenda ukweni, afande. Jumatatu haikutoka. Jumanne, Ladu."

Kiden alikohoa. Alikuwa binti mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyofungua mlango wa uovu.

"Au labda mzee alisahau kitambaa humo siku ya Ijumaa?" alisema. "Niandike uzembe badala ya wizi? Jalada linaweza kwenda hivyo."

Mlango ule ulikuwa mpana. Inspekta angepita na kofia yake kichwani.

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Sule ilitetemeka. "Mwizi, sawa, watu wanasahau. Lakini fundi nasahau kitambaa ndani ya injini? Binti yangu, nani tena naleta pikipiki kwangu? Bora andika mwizi."

Ayiko aliutazama ukuta. Ukuta haukumsaidia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kijiti, akakiweka juu ya kitabu cha funguo. Kisha kutoka mfuko wa pili akatoa leso nyeupe yenye mshono mwekundu, aliyoshonewa na mchumba wake Concy. Pembe moja ilikuwa imechanwa.

"Andika, Koplo. Haya ni maelezo ya mshukiwa."

Kiden alifungua ukurasa mpya. "Jina?"

"Unanijua."

"Jina, afande."

"Ayiko Moris, Inspekta wa Polisi." Alizungumza akitazama viatu vyake. "Baba yake Concy ni sajenti mstaafu. Ua wake unafagiwa kila alfajiri, mistari ya ufagio imenyooka utadhani inasubiri mgeni rasmi. Mara ya kwanza nilipokwenda, pikipiki ilidondosha oili katikati ya ua. Shangazi yake akaja na majivu, akafunika, akasema mbele ya ukoo mzima: 'Mkwe wetu anavuja. Nani atafua mashuka?'"

Kalamu ya Kiden ilisimama. Mabega yake yalitikisika kidogo, kisha yakatulia.

"Walicheka mpaka sajenti mwenyewe akashika mbavu. Basi Jumapili, kabla ya kufika, nilisimama njiani nikachonga kijiti. Ua ulibaki safi. Nilikula kuku kwa amani. Nikasahau kukitoa."

"Na fundi ulimkamata ukijua?"

"Sikujua. Sikuuliza pia. Nilijua dakika ile kilipotoka, na nikakificha."

Akatia sahihi. Jalada la Sule likafungwa, na lake likafunguliwa, pamoja na barua kwa mkubwa wa wilaya na nyingine kwa Ladu hospitalini. Hiyo ya Ladu aliiandika mara nne.

Saa tisa, akiwa hana kofia wala mkanda, alimsindikiza Mzee Sule hadi sokoni kwa miguu. Pale pale alipomtia pingu, alisimama akasema:

"Mzee Sule si mwizi. Kazi yake ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyeiharibu pikipiki, kwa sababu niliona haya mbele ya wakwe zangu."

Akanyoosha mkono. Mzee aliuacha ukining'inia.

"Mimi nalala ndani siku mbili, afande," alisema. "Siku ile wewe napiga kelele. Leo nasema kama mutu mgonjwa. Wale ya samaki, kule mwisho, hawakusikia."

Inspekta Ayiko aligeuka upande wa wauza samaki, akajaza kifua hewa, akaanza upya.